Anayejibu Haoni Skrini Yako

Kamatanda, pembezoni mwa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, inajulikana kwa wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti. Bei ya mzigo wao hutegemea uzito wake na kiwango cha madini kilichomo, na hesabu ya namna hiyo ni zoezi zuri kwa kijana anayejifunza kuandika programu. Tuseme ameandika mistari michache kwa lugha ya Python, akaingiza kiwango cha asilimia 2,5, na programu ikagoma. Anakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wenzake, au kwenye jukwaa la wataalamu mtandaoni, na kuandika: “Wakubwa, programu yangu haitembei, nisaidieni.” Jua linakuchwa bila jibu, naye anaamini kwamba wajuzi wana choyo. Mara nyingi si choyo. Waliosoma ujumbe wake hawakuona alichokiona yeye, na kuwaonyesha ilikuwa kazi yake muulizaji.

Hitilafu yenyewe imejificha kwenye alama moja. Kongo, kama Ubelgiji na Ufaransa, huandika desimali kwa mkato, ilhali Python inataka nukta. Ikipewa maandishi “2,5” na kuambiwa iyafanye namba, hukataa na kusema wazi kwamba imeshindwa kuyageuza. Mtaalamu wa Nairobi au Chicago anayetaka kusaidia atajaribu mistari ileile kwa kuandika 2.5, kama alivyozoea, na kila kitu kitakwenda sawa. Kwake hakuna tatizo. Hapo ndipo tunapoona kwamba taarifa iliyoachwa, yaani kile hasa kilichoandikwa kwenye kibodi, ndiyo iliyobeba jibu zima. Hata jina la lugha lina uzito wake. Katika JavaScript, amri ya parseFloat ikipewa “2,5” hailalamiki. Inachukua 2 na kutupa kilichobaki. Programu itaendelea kama kawaida, na kama malipo yanazidishwa kwa kiwango hicho, mchimbaji atakuwa amepunjwa sehemu moja ya tano bila mtu kushtuka. Kosa ni lilelile, lakini dalili zake ni tofauti kabisa, na anayeulizwa hawezi kubahatisha ni ipi.

Linganisha na swali hili: “Natumia Python 3.12 kwenye Windows 10. Nataka kuzidisha uzito wa gunia kwa kiwango cha madini. Nikiingiza 2, napata jibu. Nikiingiza 2,5, programu inasimama. Ujumbe wa kosa nimeunakili wote hapa chini, pamoja na mistari mitatu inayohusika. Nimejaribu kuweka int mahali pa float, bado.” Mtu yeyote aliyewahi kusahihisha programu ataona mkato ule kabla hajamaliza kusoma. Swali hilo limetaja chombo, lengo, kilichoingizwa, kilichotokea na kilichojaribiwa. Ujumbe wa kosa umebaki katika lugha yake ya asili, neno kwa neno, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo yanayoweza kutafutwa mtandaoni. Mistari imepunguzwa hadi ile inayozaa kosa, na upunguzaji huo ni utafiti tosha: anayeondoa mstari mmoja mmoja huku akiangalia kama kosa bado lipo, mara nyingi hulikamata mwenyewe kabla hajatuma chochote. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, wanamtaja mwanaprogramu anayemweleza bata wa mpira shida yake, na katika kueleza akagundua kosa. Bata hajui lolote. Kilichosaidia ni kupanga maelezo.

Lengo ndilo linalosahaulika zaidi. Kijana wetu akishaamini kwamba “,5” ndiyo inayoleta ubishi, anaweza kuuliza tu: “Nitakataje herufi mbili za mwisho?” Atajibiwa haraka, na jibu litakuwa sahihi, lakini gunia la asilimia 2,5 litalipwa kama la asilimia 2. Angesema anachotaka kukokotoa, mtu angemwambia abadilishe mkato uwe nukta kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba. Ni amri moja fupi.

Kuna watakaosema kwamba ushauri huu unawafaa wanaojua Kiingereza. Hoja hiyo ina msingi. Stack Overflow, jukwaa maarufu la maswali ya programu lililoanzishwa mwaka 2008, lina matawi ya Kireno, Kirusi, Kijapani na Kihispania, lakini halina la Kiswahili wala la Kifaransa. Hata hivyo, msimbo, namba ya toleo na ujumbe wa kosa havihitaji tafsiri, na sentensi tatu fupi za Kiingereza cha kuungaunga zinabeba vilivyosalia. Kwa anayesoma Kifaransa, Developpez.com imekuwa ikipokea maswali kwa miaka mingi. Wengine watataja gharama ya bando. Lakini swali la herufi elfu moja ni takriban kilobaiti moja tu, wakati picha ya skrini, hata ikibanwa, hula makumi au mamia ya kilobaiti, tena msimbo ulio ndani yake si rahisi kuunakili na kuujaribu.

Lalamiko la ukali wa wajuzi nalo si la kubuni. Mwezi Aprili 2018 Stack Overflow yenyewe ilikiri hadharani kwamba haikuwa mahali pa kuwakaribisha wageni vizuri, na mwaka huohuo ikatoa kanuni mpya za mwenendo. Mwenye ujuzi hana ruhusa ya kumdhalilisha anayeanza. Lakini upole wa mjibu hauwezi kuziba pengo la swali tupu, kwani hata aliye mpole sana ataishia kuuliza, “Kosa linasemaje?”, na siku nyingine itapita kabla hajajibiwa, hasa umeme au mtandao ukikatika.

Hoja mpya ni kwamba siku hizi akili bandia inajibu papo hapo, basi kuhangaika na swali kuna maana gani? Mashine nayo haioni skrini yako. Ikipewa swali tupu, hubahatisha kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio hatari yake: Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake kwa sababu mengi yalionekana mazuri huku yakiwa na makosa. Anayejua kueleza tatizo lake ndiye pia anayejua kupima jibu, liwe limetoka kwa mtu au kwa mashine.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi kabla ya kutuma swali, lisome kama mtu ambaye hajawahi kufika Likasi, na uongeze kile ambacho yeye hawezi kukijua. Ukishapona, rudi palepale uandike kilichokuponya, hata kwa Kiswahili, ili anayekuja nyuma yako alikute jibu likimsubiri.