Usiulize "Nani?" Uliza "Kwa Nini?"

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mama mdogo, Nduruma. Anavuna waridi kwenye shamba moja la maua huko. Jioni moja alirudi kimya. Mwenzake alikuwa ameanguka ndani ya banda asubuhi: kizunguzungu, jasho jingi, kutapika. Alipelekwa zahanati, akapata nafuu. Taarifa ya ajali ikaandikwa mstari mmoja tu: mfanyakazi mzembe, hakuvaa barakoa. Imeisha hiyo.

Kusema ukweli, hata mimi nilimwuliza mama mdogo, "Sasa kwa nini hakuvaa?" Hakunijibu. Baadaye, niliposoma jinsi ajali za kazini zinavyochunguzwa, nikaona kosa langu. Nilikuwa natafuta mtu wa kulaumiwa, wakati uchunguzi unatafuta sababu.

Hatua zenyewe si ngumu. Kwanza okoa mtu, kisha linda eneo lisivurugwe. Piga picha. Tunza kopo la dawa na lebo yake, maana daktari naye anaihitaji. Ongea na mashahidi mmoja mmoja, kwa sababu watu wakishazungumza pamoja kumbukumbu zao huchanganyika. Halafu panga matukio kwa saa, kuanzia kabla ya ajali.

Baada ya hapo uliza "kwa nini", na kila jibu uliulize tena. Mbinu hii ilikuzwa na kampuni ya Toyota kule Japani. Wengi huuliza mara tano. Nilikaa na mama mdogo na wenzake wawili tukajaribu.

Kwa nini aliugua? Aliingia kwenye banda lililopigwa dawa kabla ya muda wa kusubiri kuisha. Kwa nini aliingia? Mlangoni hapakuwa na bango la kuzuia. Kwa nini? Mabango ni machache, yalikuwa kwenye mabanda mengine. Kwa nini muda ulikuwa haujaisha? Pampu iliharibika jana yake, dawa ikapigwa usiku badala ya mchana. Kwa nini supavaiza wa wavunaji hakujua? Wapiga dawa wana daftari lao, wavunaji wana lao, na hakuna anayeyalinganisha asubuhi.

Tukanyamaza wote. Barakoa haikuwa kiini hata kidogo. Dawa nyingi za wadudu hupenya kwenye ngozi, na mvunaji anashika majani yenye dawa asubuhi nzima. Hata angevaa barakoa, bado angeweza kuugua. Na kesho angeanguka mwingine.

Hapo ndipo neno "mzembe" linapoumiza. Mama mdogo anasema tangu siku ile, anayesikia kizunguzungu anakaa kimya asije akaandikwa. Wakati huohuo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015, haumtaki aliyeumia athibitishe kwamba mwajiri ana kosa. Lakini utalipaje ajali iliyofichwa? Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka wafanyakazi wawe na mwakilishi wao wa usalama. Kazi yake itakuwa nini kama kila taarifa inaishia kwenye jina la mtu?

Tusisahau Mererani. Mwaka 1998 maji ya mvua yaliingia kwenye machimbo ya Tanzanite yakaua makumi ya wachimbaji. Mwaka 2008 yakaingia tena, wakafa makumi wengine. Ukiandika "mvua kubwa" ukafunga faili, hujajua maji yalipitia wapi wala nani alipaswa kuwatoa watu mapema.

Ukishapata sababu, tengeneza kwa mpangilio: ondoa hatari yenyewe ikiwezekana, la sivyo itenge na watu, kisha weka utaratibu. Glovu na barakoa zinakuja mwisho. Pale Nduruma, bango kila mlango na daftari moja la pamoja vingetosha kuanzia.

Sisi wa ualimu tunakaribia kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Siku mtoto akiungua na asidi maabara, tutashawishika kuandika "mwanafunzi mtundu". Kabla hujaandika, angalia chupa ilikuwa na lebo? Rafu ilikuwa urefu gani? Watoto walikuwa wangapi kwenye meza moja?