SUFURIA YA SAFARI: NYEPESI NDIYO, LAKINI SI KILA NYEPESI!

UNATOKA Nyamwaga na mzigo mgongoni: unga, dagaa, blanketi, na sufuria inayogonga kila ukipiga hatua. Wachungaji, wachimbaji wadogo wa upande wa Nyamongo na vijana wa matembezi wote wanaijua adha hiyo. Sasa ubebe ipi?

Wengi hukimbilia alumini, na hawajakosea. Uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma, tena hupata moto haraka. Lakini jamani, sufuria za alumini si zote za baba mmoja! Ya kiwandani ni laini na unene wake uko sawasawa. Nyingine humiminwa mitaani kutokana na vyuma chakavu, vipuri vya injini vikiwamo, na humo risasi hujipenyeza. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya vyombo vya namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutisha. Risasi haionjeki wala hainuki, ila huharibu ubongo wa mtoto. Vyakula vichachu kama nyanya na ndimu ndivyo huichokonoa zaidi.

Kwa watu wawili, lita mbili zatosha. Chagua yenye kitako kipana, inakamata moto vizuri. Nyembamba mno usichukue: ugali wa muhogo na mtama unataka nguvu, mwiko ukiingia sufuria inabonyea na chini kunaungua.

Kisha muone fundi. Atoboe matundu mawili chini kidogo ya ukingo, apitishe waya mnene wa chuma uwe mkono wa kuning'inizia. Ukingo wenyewe asiukate, ndio unaozuia sufuria isipinde. Mfuniko usiuache nyumbani, unaokoa kuni. Kabla ya kupika, paka tope la majivu kwa nje, masizi yatatoka kwa urahisi. Ukifunga safari, unga na chumvi viingie humohumo ndani.

La mwisho, na hili halina mzaha: sufuria iliyowahi kuchomewa dhahabu yenye zebaki isirudi jikoni kamwe, hata uisugue kwa mchanga mpaka ing'ae. Ukiuziwa kuukuu kwa bei ya kutupa, uliza kwanza ilikuwa inapika nini!