Asbesto iliyojificha kwenye kokoto

Wengi tunaijua asbesto kwa mapaa ya zamani, ilhali asili yake ni mwambani. Huko California, Marekani, hupatikana hasa kwenye serpentini, jiwe la kijani lililotangazwa kuwa jiwe rasmi la jimbo mwaka 1965. Likivunjwa kokoto na kumwagwa barabarani, magari hutimua vumbi lenye nyuzi zinazoweza kuganda mapafuni miaka mingi.

Sheria ya jimbo inakataza kutandaza barabarani kokoto zenye asbesto 0.25% au zaidi. Kipimo chake, Mbinu 435, kilipitishwa mwaka 1991. Sampuli husagwa, unga ukawekwa chini ya hadubini ya mwanga wa polaraizi, kisha mtaalamu hukagua nukta 400 na kuhesabu ngapi zimeangukia asbesto. Nukta moja kati ya 400 ni 0.25%. Hapo ndipo penye kasoro: kikomo cha sheria ndicho pia ukomo wa kipimo.

Chukua kokoto zenye asbesto 0.25% kamili. Kwa hesabu ya uwezekano, nafasi ya nukta zote 400 kuikosa ni takribani 37%. Yaani zaidi ya theluthi ya sampuli za namna hiyo zinaweza kurudi na jibu "haikuonekana". Ukihesabu nukta 1,000, nafasi hiyo hushuka hadi karibu 8%, ila mtaalamu atakesha kwenye hadubini.

Usagaji nao una mtego. Ukisaga kidogo, nyuzi hubaki zimefungwa ndani ya chembe za jiwe; ukipitiliza, hukatika vipande ambavyo mwanga hauvionyeshi. Maabara mbili zenye mashine tofauti zinaweza kutoa majibu mawili kwa mwamba uleule. Mimi ningeanzia hapa, kabla hata ya kununua vifaa vya bei mbaya: kila maabara isage sampuli za majaribio ambazo kiwango chake kinajulikana, na ionyeshe ukubwa wa chembe ilizopata.

Hadubini ya elektroni huona nyuzi nyembamba zaidi, na inafaa pale penye utata. Lakini hutazama unga kiduchu mno. Sampuli ikichotwa vibaya machimboni, hadubini hiyo haitausahihisha uchotaji huo.

Na ripoti ikiandika "haikuonekana", itaje pia nukta zilizohesabiwa na kiwango cha chini ambacho kipimo kingeweza kukigundua, ili mhandisi anayenunua kokoto ajue amenunua nini.