Barua Iliyonipeleka Naitiri

Msomaji, ukimwambia kijana wa leo kwamba palikuwa na wakati ambapo kazi ndiyo iliyomtafuta mwenye digrii, atakuona mzushi. Lakini ndivyo ilivyonikuta mimi mwisho wa 1985. Nilikuwa nimetoka Kenyatta na digrii yangu ya ualimu, niko nyumbani Mombasa nangoja, ikaja barua kutoka Tume ya Kuwaajiri Walimu. Nilitakiwa niripoti katika shule ya sekondari karibu na Naitiri, wilaya ya Bungoma, shule zitakapofunguliwa Januari.

Nyumba nzima hakuna aliyepajua Naitiri. Ami yangu alitandika ramani juu ya mkeka, akaiona Kitale, akaiona Bungoma, akasema, "Basi ni hapa katikati, mwanangu." Jina lenyewe halikuwamo.

Taabu ni kwamba ami huyo huyo alikwisha nisemea kwa mtu bandarini, nikapata ahadi ya ukarani. Mamangu alikuwa mjane nami ndiye mwanawe mwanamume wa pekee. Hakuniambia nisiende. Aliniuliza tu, "Huko bara utakula nyama iliyochinjwa na nani?" Sikuwa na jibu. Siku ya safari alinifungia tende na kisu kipya.

Kwa nini nilikwenda? Nitasema kweli: kiburi. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza Januari 1985, Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walikuwa wakiingia kidato cha kwanza mwaka ule wa 1986. Nikajiona mimi mwenye lugha naitwa na wasio nayo. Ukarani ungenipa wapi heshima kama hiyo?

Nilipanda gari la moshi la usiku mpaka Nairobi, kisha basi la kwenda magharibi. Ukiikaribia Webuye siku zile ulijua kwa pua, kwa sababu ya kiwanda cha karatasi. Hapo nikashika matatu ya njia ya Kitale hadi Misikhu, na kutoka Misikhu ni barabara ya vumbi jekundu. Mahindi yamekwisha vunwa, mashamba yamebaki mabua matupu. Magharibi unauona Mlima Elgon. Sehemu zile zilikuwa mashamba ya Wazungu, zikagawanywa kwa wananchi wakati wa uhuru, kwa hiyo watu wazima wengi niliowakuta walikuwa wahamiaji vilevile, kila mmoja na habari ya alikotoka. Baridi ya usiku ilinishangaza. Nilikuwa na shuka mbili za Mombasa.

Wiki ya kwanza kiburi kikapata dawa yake. Nilimwona mtoto amesimama mlangoni mwa darasa, nikamwita, "Ndoo hapa!" Akaondoka mbio. Baada ya kitambo akarudi anahema, amebeba ndoo ya maji. Darasa zima lilikuwa limenyamaza, wananitazama nitayafanyia nini maji yale. Kwetu Mvita "ndoo" ni njoo, na "ndaa" ni njaa, na sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kukisoma Kiswahili kitabuni, akakisoma vizuri, asinielewe mimi. Niliwaeleza, wakacheka sana. Tangu siku ile nilitayarisha masomo yangu usiku kama mwanafunzi, na kamusi mkononi. Wao nao walinifundisha kusema "mulembe" na kwamba mtu kwao ni "omundu", nikaona hatuko mbali sana.

Kuhusu nyama, mwalimu mkuu alinialika Jumapili ya kwanza. Alikuwa Mkristo, mzee wa kanisa. Nilipofika nilimkuta jogoo amefungwa miguu kando ya jiko, mzima. "Mwalimu, tulikungoja wewe umchinje," akasema. Nikarudi chumbani kuchukua kisu cha mama. Tangu hapo watu wa pale walikuwa wakinijia: fulani ana mgeni Mwislamu, njoo utuchinjie. Ijumaa nilizopata ruhusa nilikwenda kusali Kitale. Huko mwenye duka mmoja, mtu wa asili ya Mumias, mji ambao Uislamu uliufikia zamani kwa misafara ya pwani, alinifanya kama mwanawe.

Mshahara wangu wa kwanza niliupokea Kitale, nikaenda posta moja kwa moja nikamtumia mama hawala. Alijibu kwa mkono wa binti wa jirani. Alishukuru, akanidua, kisha akauliza kama zilizobaki zinatosha nauli ya kurudi.

Nusura nirudi. Ramadhani ya 1986 iliingia mwezi wa Mei, mvua ikinyesha kila alasiri, matope mpaka vifundoni. Nilikula daku peke yangu, ugali baridi wa jana. Adhana hakuna. Mwezi huo huo ami akaandika kwamba nafasi ya bandarini bado ipo, nijibu upesi. Nilipanga nguo zangu sandukuni. Jioni ile akabisha mwanafunzi, mtoto wa mama mmoja jirani niliyekuwa nikisalimiana naye tu njiani. Ameshika kibuyu cha maziwa. "Mama anauliza jua likishazama kabisa ndipo unakula, au kabla kidogo?" Nikamwambia. Akaja kila jioni mpaka mwezi ulipoandama. Sanduku lilikaa vile vile na nguo ndani, na barua ya ami sikuijibu mpaka ikawa haina haja ya jibu.

Niruhusu kidogo hapa, kwani haya yalinichekesha. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti, miaka ya shufwa, na kijana husimama mbele ya watu bila kupepesa jicho, mwili umepakwa matope ya mtoni. Agosti ile wavulana wa kidato cha kwanza waliniuliza, "Mwalimu, wewe ulisimama?" Nikasema nilitahiriwa mdogo, nimepakatwa na ami. Walinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

Nilikaa miaka sita.

Leo binti wa ndugu yangu ana digrii kama yangu, ya Kiswahili, kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, tangu 2017. Kuajiriwa moja kwa moja kulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi nafasi hutangazwa, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Tangu 2020 wako pia walimu wanagenzi, wanaolipwa posho kila mwezi. Yeye amefundisha kwa kulipwa na wazazi, muhula huu yuko, muhula ule hayuko. Ameuza mahamri. Barua kama ile yangu hajaiona.

Mwezi uliopita alinijia na simu yake mkononi. Ameona nafasi upande wa Bungoma. Mamake amekwisha sema hapana, msichana hataenda peke yake kokote kule. Mimi nilitakiwa niamue kati yao. Nikamwambia achukue mablanketi, si shuka.

Maombi ameyapeleka. Mamake hasemi nami.