Shahidi hulipwa nauli na siku yake, maneno hayalipwi

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando kidogo bei za saruji na mchele, na kutazama kitu ambacho wenye makampuni huuliza bei yake bila kupata jibu la uhakika: siku moja ya shahidi.

Tuchukue mfano. Mtunza stoo mmoja wa Mbweni, wilayani Kinondoni, aliacha kazi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na sasa anafuga kuku wa mayai. Asubuhi moja bosi wake wa zamani anampigia simu: "Mzee wangu, yule dereva tuliyemwachisha ametupeleka Tume. Wewe ndiye uliyehesabu mifuko ikapungua. Njoo utusaidie, hutatoka bure. Na zile hela zako za likizo tutazimaliza."

Katika simu hiyo fupi mna malipo ya aina tatu. Moja ni halali, moja ni deni, na moja inaweza kumfikisha mtu gerezani.

Kwa nini anatafutwa

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, mfanyakazi anapolalamika kuwa ameachishwa isivyo halali, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu. Asiye na shahidi hana cha kuthibitisha.

Hasara yake si ndogo. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Kwa dereva wa Sh. 600,000/- kwa mwezi, hiyo ni Sh. 7,200,000/-. Ndiyo maana mtunza stoo aliyesahauliwa ghafla anakuwa mtu wa maana.

Mgogoro huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kwanza hukaa msuluhishi, na hatua hiyo haihitaji mashahidi. Wasipoelewana, shauri huenda kwa mwamuzi, na hapo ndipo ushahidi hutolewa kwa kiapo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inampa mwamuzi uwezo wa kumwita mtu yeyote ahudhurie au alete hati. Wito huo si kadi ya harusi, kwamba ukipenda unakwenda na usipopenda unabaki.

Kinacholipwa

Malipo halali ni gharama za kuhudhuria. Katika mahakama za kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka anayeomba shahidi aitwe aweke kwanza fedha za kutosha safari ya kwenda na kurudi pamoja na mahudhurio ya siku moja. Mwajiri mwenye busara atafuata kipimo hicho hicho.

Kwa mtu wetu wa Mbweni hesabu inaweza kuwa hivi: bajaji na daladala kwenda na kurudi Sh. 8,000/-, chakula Sh. 5,000/-, kijana wa kuangalia banda Sh. 10,000/-, na mauzo ya mayai yaliyokosekana Sh. 20,000/-. Jumla ni Sh. 43,000/- kwa siku. Shauri likiahirishwa, siku nyingine ni hesabu nyingine.

Mwajiri asitegemee kurudishiwa fedha hizo hata akishinda. Katika migogoro ya kazi mwamuzi huamuru gharama pale tu upande mmoja unapoleta shauri la kipuuzi au la usumbufu.

Kisicholipwa

"Hutatoka bure" ndiyo sentensi ya hatari. Malipo yanayopanda kwa kadiri ushahidi unavyompendeza mlipaji, au yanayosubiri mpaka ashinde, ni ununuzi wa maneno. Kusema uongo kwa kiapo, na vilevile kumshawishi mwingine aseme uongo huo, ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 7.

Hata pasipo kesi ya jinai, hasara ipo. Upande wa dereva utauliza: "Ulilipwa kiasi gani, na kwa ajili ya nini?" Jibu la Sh. 43,000/- lenye risiti halimtishi mtu. Jibu la Sh. 500,000/- za "asante" linaweza kuuangusha ushahidi wa kweli.

Deni si zawadi

Zile fedha za likizo ni jambo jingine kabisa. Ajira inapokwisha, mwajiri anawajibika kulipa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na likizo iliyobaki, na kutoa hati ya utumishi. Hayo ni haki ya mfanyakazi, awe ametoa ushahidi au amekataa. Anayeyatumia kama chambo anauza mali isiyo yake.

Wala mtunza stoo asikae akisubiri kesi ya dereva iishe. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Yale ya kuachishwa, ndani ya siku 30. Aliyechelewa itambidi aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi.

Ushauri kwa pande zote mbili ni mfupi. Gharama za shahidi ziandikwe kabla ya siku ya shauri, zilipwe kwa siku na kwa risiti, na kiasi kiwe kile kile hata kama atakayoyasema hayatamfurahisha aliyemwita. Deni la likizo lilipwe kwa hati yake ya peke yake. Na mzee wetu wa Mbweni akifika mbele ya mwamuzi, aseme idadi ya mifuko aliyoihesabu, basi.