Lugha za Kompyuta (5): Urithi, kutoka foleni ya Oslo

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze dharura ya mpox tarehe 14 Agosti 2024, hata Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, watu wanauliza hesabu za wagonjwa zinapita wapi. Zile za kila mwezi za vituo vya afya huishia DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo iliyoandikwa kwa Java. Klasi na vitu vyake tulikwisha kuvieleza. Leo ni zamu ya urithi.

Urithi ulitokana na foleni. Mwishoni mwa 1966, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa Oslo wakiiga kwa kompyuta magari yanayosubiri kulipa ushuru darajani. (Sisi tunaongojea kivuko cha Lualaba hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Lori lina habari zake, basi lina zake, ila kupanga foleni ni kulekule. Wakaamua: ya pamoja yaandikwe mara moja katika klasi mama, na klasi ndogo irithi kisha iongeze yake. Ndiyo lugha ya Simula 67.

Waliofuata walitunga sheria tofauti za mirathi. C++ ya Bjarne Stroustrup huruhusu klasi kuwa na wazazi wengi. Java, iliyotoka 1995, hutaka mzazi mmoja, ingawa klasi yaweza kuahidi kutimiza mikataba mingi. Java pia hukatalia mtu wa nje kugusa data iliyofungwa. Python hutanguliza kistari cha chini (_) mbele ya jina na kutegemea adabu. Mimi niko na wanaofunga.

Lakini Nygaard ninayemheshimu zaidi ni yule wa miaka ya 1970, aliyekwenda kwa chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwe kudai kwamba mashine isiingie kiwandani bila mfanyakazi kuwa na kauli. Mradi uliozaa DHIS2, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ulikulia katika fikra hizo. Basi aibu kwa yeyote anayebuni fomu bila kumwuliza muuguzi atakayeijaza!

Kosa moja la wanafunzi: kudhani kituo cha afya kinairithi zoni yake ya afya. Lori ni aina ya gari. Kituo si aina ya zoni, kimo tu ndani yake. Katika DHIS2 mkoa wa Maniema, zoni ya Kabambare na kituo kidogo kabisa ni vitu vya klasi moja, kila kimoja kikitaja kilicho juu yake. Zoni ikigawanywa, kituo hubadilishiwa jina hilo la juu, na hesabu zake za zamani hubaki nacho.