Motokari inayopumua moto

Wandugu, wengi wenu mnanijua kwa habari za mihindi na angre. Leo naacha shamba kidogo tuongee juu ya motokari, sababu mwaka jana motokari njo ilituangusha, si mbegu wala mvua.

Tuko watatu wa promosyo moja, wote na lisansi ya agronomia, na kazi ya ofisi hatujaiona. Tulichanga dola tukanunua Toyota Hilux Surf ya zamani, ya mazutu, na turbo, injini 1KZ-TE ya lita 3. Usukani uko kuume, kama zile nyingi zilizofika kwetu Katanga kupitia Dar es Salaam na Zambia. Kazi yake ni kupeleka mbegu na angre kwa wakulima wa njia ya Mutshatsha, kupita Kanzenze, zile wiki za mwezi wa kumi mbele mvua haijashika. Mwaka jana, tukiwa na mifuko 10 nyuma, kilase ilipasuka kwenye kilima. Wakulima waliotungojea walipanda wakiwa wamechelewa, na makuta yetu ya msimu mzima ikaishia garaji.

Kilase ya 1KZ kupasuka kwa joto ni ugonjwa unaojulikana, muulize fundi yeyote. Sisemi hewa ya moto peke yake ndiyo iliyoipasua. Radiatere nayo ilikuwa imejaa vumbi mpaka huoni mwanga upande wa pili. Lakini siku tulipofunga kilase nyingine, papa fundi alifungua kapo, akaweka mkono pale filtre ya hewa inapokaa, akatuangalia: “Bana yangu, hii motokari inapumua moto. Mupepo ya inje inaingilia wapi?”

Hatukuwa na jibu. Mwenye motokari wa kwanza alikuwa ametoa kasha la filtre la kiwandani pamoja na tiyo yake inayovuta hewa ya nje, akaweka filtre ya kizungu, ile ya mviringo iliyo wazi, inayong'aa. Inapiga mluzi mzuri ukikanyaga, na wenye kupita wanageuka. Kumbe ilikuwa inavuta hewa ya chini ya kapo, pale pale karibu na turbo na bomba la moshi.

Sasa kwa nini hiyo ni shida? Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani ya injini. Hewa ikibanwa inapata joto. Umewahi kupompa tairi ya kinga kwa mkono? Pompa inachoma vidole. Na hewa ikipata joto inatanuka, kwa hiyo katika lita moja unabaki na hewa kidogo. Hii tulisoma sote sekondari, ila siku hizo hakuna aliyetuambia kwamba ingetulipisha kilase. Chukua hewa ya digrii 30, ipeleke kwenye digrii 50 kwa presha ile ile: umepoteza karibu asilimia 6 ya hewa yenyewe. Mazutu ikikosa hewa ya kutosha haiungui vizuri. Unaona moshi mweusi nyuma, na joto la moshi huo linapanda. Linalopigwa kwanza ni turbo, vichwa vya pisto na kilase.

Tena sisi wa Kolwezi tuko juu, mita 1,400 na zaidi. Hapa presha ya hewa imebaki kama asilimia 85 ya ile ya Banana kando ya bahari. Turbo ikitaka kufikia presha ile ile inayohitajika, inalazimika kubana zaidi, na kubana zaidi ni joto zaidi. Nilipiga hesabu kwenye karatasi, nikichukua turbo inayoongeza bari 0.7, yenye ufanisi wa asilimia 65. Hewa ikiingia na digrii 36, inatoka kwenye turbo na kama 125. Ikiingia na digrii 52, inatoka na kama 145. Ni hesabu ya karatasi, si kipimo, lakini inaonyesha jambo moja: joto unaloruhusu mlangoni halipungui njiani, linaongezeka.

Papa fundi alisema maneno, mi nilitaka namba. Kwetu agronomia kuna kipima joto kirefu cha kuchoma ndani ya mboji, kinafika digrii 100. Nilikiingiza karibu na mdomo wa filtre, nikakifunga na waya mbali na feni, mwenzangu akaendesha. Nje kulikuwa na digrii 33. Njiani, kwenye mwendo mzuri, kilionyesha 52. Halafu tukaingia nyuma ya msururu wa malori ya shaba kwenye njia ya Likasi, ule mwendo wa kusogea mita tatu na kusimama. Kilipanda mpaka 61. Tulikuwa tunalisha injini hewa ya digrii 61 wakati nje, mita moja tu kutoka hapo, kulikuwa na 33!

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Tulitafuta kasha la filtre la Surf kwa wauza vipande vya zamani, likapatikana na ufa pembeni, tukaziba. Tiyo ya mbele haikupatikana. Tulitengeneza nyingine kwa tiyo nene ya mpira, tukaipitisha mpaka nyuma ya taa, pale hewa ya nje inapofika na maji ya barabara hayarukii. Hapo muwe waangalifu: mdomo ukiuweka chini sana, dimbwi moja la mwezi wa kwanza linaingia ndani ya injini, na maji hayabaniki. Utapinda bieli. Tulirudisha pia lile bati linalofunika turbo, ambalo fundi mmoja wa zamani alilitoa kwa sababu bisi zilimsumbua. Bati hilo watu wanaliona kama pambo, wakati ndilo linalozuia joto la turbo kuenea chini ya kapo yote.

Na filtre yenyewe ikawa ya karatasi, ya kawaida. Kwa Kolwezi hili lina uzito kuliko joto. Vumbi la njia za migodi ni laini kama unga, na filtre mbaya ikiliruhusu kupita, linasaga mapezi ya turbo na kuta za silinda. Tunaiangalia kila wiki wakati wa kiangazi. Ikiziba, turbo inavuta kwa shida na joto linapanda tena, kwa hiyo ukikaa na filtre chafu hujapata faida yoyote na lile kasha.

Halafu matiyo kati ya turbo na injini. Hapa vumbi letu linasaidia kidogo, kwa mara moja. Hewa ya turbo inabeba ukungu wa oili. Pale tiyo inapovuja, oili inatoka na vumbi linashika juu yake, inajichora yenyewe. Tulikuta michoro miwili, tukabadilisha kolye mbili. Mwisho tukaosha radiatere kwa maji ya polepole kutoka ndani kwenda nje. Usipige na mashine ya presha, utalaza mapezi yake.

Tulipima tena siku ya joto lile lile. Njiani 36. Nyuma ya malori 41. Moshi mweusi kwenye kilima cha kutoka mjini ulipungua hata kwa macho, na mshale wa joto la maji ulitulia pale ambapo zamani ulikuwa unaanza kupanda.

Najua swali linalokuja, sababu kwenye grupi yetu ya WhatsApp limekuja mara tano: na intakula je? Intakula ni kama radiatere, ila inapoza hewa inayotoka kwenye turbo, si maji. Injini yetu haina. Toyota wenyewe baadaye waliiweka juu ya 1KZ-TE hiyo hiyo, na tundu kwenye kapo la kuiingizia mupepo, nguvu ikapanda kwa farasi 10 na zaidi. Kwa hiyo si bongo, inasaidia. Ikishusha hewa kutoka 125 mpaka 70, unapata karibu asilimia 15 ya hewa zaidi. Lakini ile ya juu inategemea mwendo. Nyuma ya malori inakalia joto la injini, na mupepo haupo. Ile kubwa ya mbele, ya aliminiyumu, ambayo mmoja wetu anaitamani mpaka ameihifadhi picha kwenye simu, inakaa mbele ya radiatere na kuikatia hewa. Kwa injini ambayo kilase yake imeshapasuka mara moja, mi siwezi kukubali. Tumekubaliana kuweka akiba ya ile ya juu, ya zamani, tukiikuta. Yeye anasema tunaogopa. Majadiliano yanaendelea, na mara nyingine kwa sauti.

Msimu huu tumeshapiga safari nne za Kanzenze, mifuko 10 kila mara, kuondoka saa kumi na moja asubuhi mbele jua halijakaza, jambo ambalo halina gharama na nilipaswa kulitaja mapema. Imebaki safari mbili. Mwenye Surf, Prado ama Pajero ya mazutu anayetaka kupima ya kwake aandike hapa chini. Kipima joto naazima, ila kirudi kabla ya mwisho wa mwezi, mboji yangu imeanza kuchemka.